Chumba cha darini chini ya bati: panga njia ya hewa kabla ya kununua foili

Ndugu Mhariri,

Tunaomba nafasi katika ukurasa wako wa barua tuzungumzie jambo linalowapotezea wenye nyumba fedha nyingi, hasa hapa Dar es Salaam na miji mingine ya pwani. Mapaa marefu ya bati la msauzi yameacha nafasi kubwa juu ya dari, na wengi wanatamani kuigeuza iwe chumba cha kulala, cha kusomea au cha wageni. Wazo ni zuri, maana kiwanja hakiongezeki, na msingi na kuta zimeshalipiwa. Shida huanzia dukani. Mteja anauziwa roli ya foili yenye viputo, anaambiwa inazuia joto kwa asilimia 97, fundi anaipigilia ikiwa imebanwa kati ya bati na mbao, jipsamu inafungwa, na ikifika saa nane mchana chumba hakikaliki.

Hiyo asilimia 97 ina ukweli wake, ila muuzaji huwa hamalizi sentensi. Alumini safi inayong'aa hurudisha karibu mionzi yote ya joto inayoifikia. Ili kuwe na mionzi ya kurudisha, lazima pawe na nafasi ya hewa mbele ya ule mng'ao. Foili ikigusa bati, joto halihitaji tena kusafiri kwa mionzi, linapita moja kwa moja kama linavyopita kwenye chuma chochote. Kinachobaki hapo ni plastiki ya viputo yenye unene wa milimita 4, na milimita 4 haziwezi kupambana na jua la Oktoba.

Tazama ukubwa wa mzigo wenyewe. Dar es Salaam iko karibu nyuzi 7 kusini mwa Ikweta, kwa hiyo jua hupita utosini mara mbili kwa mwaka, mwanzoni mwa Machi na kati ya Oktoba. Adhuhuri ya anga safi, kila mita ya mraba ya paa hupokea karibu wati 1,000. Bati la rangi nyeusi au kijivu iliyokolea hufika nyuzi 65 bila shida. Bati lenye nyuzi 65 likitazamana na dari yenye nyuzi 30, mionzi peke yake huweza kushusha zaidi ya wati 200 kwa kila mita ya mraba. Ukiweka uso mmoja wa foili safi katikati, huku kila upande ukiwa na nafasi, mionzi hiyo hushuka chini ya wati 15. Hewa yenyewe haichangii sana, kwa sababu hewa ya moto hukaa juu na haina haja ya kushuka. Ndiyo maana foili iliyowekwa vizuri hufanya kazi kubwa katika nchi za joto. Nafasi ya hewa ya milimita 50 iliyopakana na foili safi hukaribia nguvu ya pamba ya glasi ya milimita 40 hadi 50, kwa joto linaloshuka.

Kwa hiyo hatua ya kwanza haihitaji roli yoyote. Ni rangi. Bati jeupe jipya hurudisha karibu asilimia 70 ya jua, wakati bati jeusi hurudisha kama sehemu moja ya kumi au pungufu. Tofauti kati ya paa hizo mbili mchana huweza kufika nyuzi 20. Mwenye nyumba ambaye bado hajaezeka achague nyeupe, krimu au kijivu cha kufifia. Aliyekwisha kuezeka anaweza kuliosha bati, kulikwangua kutu, kulipiga praima ya chuma na kulipaka rangi nyeupe ya mapaa mikono miwili. Geji, yaani kipimo cha unene wa bati, haihusiki hapa. Geji 28 hudumu kuliko geji 30 na haipigi kelele sana, lakini kwa joto zote mbili ni sawa na hakuna kitu.

Hatua ya pili ni kujua kama paa lenyewe linafaa kubeba chumba, na hapa tunawasihi wasomaji wasikilize. Kenchi nyingi, yaani fremu za mbao zinazobeba paa, zina mbao za kati zilizopangwa kwa umbo la W, na ule mhimili wa chini wa 2x4 umewekwa kubeba jipsamu na kuzuia kuta zisisukumwe nje. Haukuwekwa kuwa sakafu. Sakafu ya chumba hupangiwa mzigo wa kilo 150 hivi kwa kila mita ya mraba, mbali na uzito wake yenyewe. Fundi anayekata mbao za kati ili apate nafasi ya kitanda analilegeza paa zima. Kwanza bati hubonyea, halafu kuta za juu hupasuka kwenye pembe. Usikate hata mbao moja kabla mhandisi hajachora mihimili mipya ya sakafu inayolalia kwenye kuta. Na kama nyumba ni ya zamani yenye vigae vya asbesto, usitoboe, usikwangue, usipige msumari. Hiyo ni kazi ya kuondolewa na watu wenye vifaa vyake kabla ya mengine yote.

Tuje kwenye kihami chenyewe, yaani kile kitu cha kuzuia joto. Chumba cha darini ni tofauti na chumba cha chini, kwa sababu dari yake ndiyo mteremko wa paa. Kati ya kichwa cha anayelala na bati kuna unene wa mbao tu, yaani milimita 100 kwa mbao ya 2x4 au 150 kwa 2x6. Ndani ya unene huo lazima upate njia ya hewa, foili na pamba. Mpangilio tunaoupendekeza kwa pwani, kutoka juu kwenda chini, ni huu. Bati limelala juu ya papi, zile mbao za kukatiza linakopigiliwa. Chini ya papi, kati ya mbao za mteremko, acha nafasi tupu ya milimita 50 inayopanda bila kukatizwa kutoka kwenye fishabodi, ubao wa ukingo wa chini wa paa, hadi kwenye kofia, lile bati linalofunika kilele. Ile nafasi iliyo kati ya papi na papi haihesabiki, kwa sababu papi zimelala kwa upana na huzuia hewa kupanda. Kisha foili inayong'aa pande zote mbili, iliyoshikizwa kwa vijiti vya 1x1 vilivyopigiliwa ubavuni mwa mbao za mteremko. Chini ya foili weka pamba ya glasi au pamba ya mwamba ya milimita 50. Halafu pigilia mbao za 2x2 kwa kukatiza zile za mteremko, ujaze tabaka la pili la milimita 50 katikati yake, na umalizie kwa jipsamu ya milimita 12.

Tabaka la pili linalokatiza lina sababu yake. Mbao hupitisha joto mara tatu zaidi ya pamba, na kila mbao ya mteremko inayogusa jipsamu moja kwa moja huwa mstari wa joto. Ukiweka mkono darini mchana utaihesabu mbao moja moja. Matabaka yakipishana, mistari hiyo hufunikwa.

Kwa chumba cha upana wa mita 5 na urefu wa mita 6, chenye paa la mteremko wa nyuzi 35, kuta fupi za pembeni za mita 1.2 na dari ya kati ya mita 2.4, hesabu inakwenda hivi. Miteremko miwili ina kama mita za mraba 25, dari ya kati karibu 10, na kuta fupi 14 na ushee. Jumla ni 49. Roli ya foili ya upana wa mita 1.2, ikipishwa sentimita 10 kila inapoungana, hufunika mita 1.1 tu, kwa hiyo nunua ya mita za mraba 54 au 55. Maungio yote yafungwe kwa utepe wa alumini, si utepe wa karatasi wala wa kufungia maboksi, kwa sababu gundi ya utepe huo hukauka darini na kuachia. Pamba ni matabaka mawili, yaani karibu mita za mraba 98 za unene wa milimita 50. Usisahau zile kuta fupi. Nyuma yake kuna pembe ya paa yenye moto uleule, na chumba chenye mteremko uliowekewa kihami lakini kuta fupi zilizoachwa wazi kitapokea joto kwa ubavuni.

Watu hutuuliza: kwa nini isiwe milimita 200, au 270 kama wanavyoshauriwa Waingereza kwa mapaa yao? Tuchukue mita za mraba 35 za mteremko na dari ya kati, bati nyuzi 65, chumba nyuzi 30, bila kuhesabu mbao. Jipsamu peke yake chini ya bati hupitisha karibu wati 3,150, ambazo ni sawa na pasi tatu za wati 1,000 zilizowashwa juu ya kichwa chako. Pamba ya milimita 50 hushusha hadi wati 735. Ya milimita 100 hushusha hadi 420. Ya milimita 200 hushusha hadi 230 hivi. Yaani milimita 100 za kwanza zimeondoa zaidi ya wati 2,700, na milimita 100 za pili zinaondoa wati 190 tu, huku zikila sentimita 10 za kimo cha chumba ambacho tayari ni kifupi. Uingereza wanapigana na baridi ya miezi mingi. Sisi fedha ya tabaka la tatu tunashauri iende kwenye madirisha mawili yanayotazamana kwenye kuta za ncha, zile zenye pembetatu ya paa, kwa sababu bati hupoa haraka baada ya jua kuzama, lakini chumba kilichowekewa kihami hakipoi mpaka hewa ya usiku ipite ndani yake.

Njia ya hewa ina vipimo vyake pia. Kanuni inayotumika sana Marekani ni kuwa matundu ya paa yawe sehemu moja ya 150 ya eneo la dari, nusu chini na nusu juu. Kwa sakafu ya mita za mraba 30 hiyo ni sentimita za mraba 2,000, kwa hiyo 1,000 kwenye kingo na 1,000 kwenye kofia. Kwa kingo mbili za mita 6, mwanya wa milimita 8 ungetosha kwa hesabu tupu. Wavu wa mbu huziba karibu nusu, na vumbi huziba zaidi, kwa hiyo fanya milimita 25 mfululizo kila upande. Wavu usiachwe, maana popo na panya wakiingia juu ya foili hawatoki kwa hiari. Kofia iwe ya kuinuliwa kidogo, yenye kinga ya mvua ya upepo. Kosa tunalolikuta mara nyingi ni mwanya mzuri wa chini usio na mahali pa kutokea juu. Hewa haisogei, na bati linabaki jiko.

Kuhusu aina za vihami, pamba ya glasi na ya mwamba ndizo tunazozipa nafasi ya kwanza. Haziungui zenyewe, hupunguza kelele ya mvua kwenye bati, na hujaza pembe vizuri. Udhaifu wake ni maji na kubanwa. Pamba ya milimita 100 iliyosukumwa kwenye nafasi ya milimita 50 inafanya kazi ya milimita 50, nawe umelipia 100. Ikilowa kwa tundu moja la msumari, hulala na haiinuki. Kwa hiyo badilisha mipira ya misumari iliyokauka kabla ya kufunga chochote. Fundi avae barakoa ya vumbi laini, glavu, miwani na mikono mirefu, na afanye kazi hiyo alfajiri.

Stairofomu ni rahisi na nyepesi, lakini hatuishauri chini ya bati. Huanza kulegea kwenye nyuzi 80 hivi, na bati jeusi linakaribia hapo. Inawaka na kutoa moshi mzito, na nyaya za umeme za kawaida zikiigusa kwa miaka ganda lake hukauka na kupasuka. Anayeitumia aifunike yote kwa jipsamu na apitishe nyaya ndani ya mabomba. Fomu ya kupulizia inazuia joto kuliko vyote kwa unene uleule, lakini ikishaganda chini ya bati huwezi kubadilisha bati bila kung'oa vyote, na kutu huendelea kimya nyuma yake. Makumbi ya nazi yaliyoshindiliwa kuwa mbao ni kihami cha kweli, tunapenda yatumike zaidi, mradi yawe makavu, yametiwa dawa ya wadudu na kufunikwa dhidi ya moto. Pumba za mpunga na maranda ya mbao yaliyomwagwa tu darini yanakaribisha mchwa, na cheche moja inatosha kuyawasha.

Sehemu inayosahauliwa kuliko zote ni unyevu, nayo hugeuka kulingana na mahali. Njombe, Lushoto au Limuru usiku ni baridi. Mvuke wa pumzi na wa kuoga hupanda, hukutana na bati lililopoa, na alfajiri matone yanadondoka juu ya pamba. Huko nailoni nzito iwekwe upande wa chumba, nyuma tu ya jipsamu, na juu ya pamba itumike foili yenye vitundu ili unyevu utoke. Dar es Salaam, Tanga na Mombasa mambo ni kinyume kama chumba kina kiyoyozi. Hewa ya nje ya nyuzi 30 yenye unyevu wa asilimia 75 huanza kutoa umande ikigusa kitu chenye nyuzi 25. Kiyoyozi kikiwa nyuzi 22, mgongo wa jipsamu ndio unaokuwa baridi, na mvuke unaingia kutoka juu. Kwa hiyo kizuizi cha mvuke kinakaa juu ya pamba, yaani ile foili isiyo na vitundu iliyofungwa vizuri maungio yake, na upande wa chumba usiweke nailoni. Anayefuata mwongozo wa Ulaya neno kwa neno hapa pwani atapata madoa meusi ya ukungu nyuma ya jipsamu.

Vumbi nalo lina hesabu yake. Foili inayotazama juu kwenye mteremko hukaa safi kwa muda, lakini kwenye dari ya kati iliyolala, vumbi na chumvi ya bahari huifunika na mng'ao unakwisha. Hapo ning'iniza foili kiasi kwamba chini yake kuna nafasi ya angalau milimita 25 kabla ya pamba. Uso unaotazama chini haupati vumbi, nao hufanya kazi ileile, kwa sababu alumini inayong'aa haitoi mionzi kama isivyoipokea. Isiguse zege mbichi wala chokaa, itaoza.

Tunamalizia na umeme, kwa sababu hapa watu hufa. Nchini Australia mpango wa serikali wa kuhami mapaa ulioanza mwaka 2009 ulisitishwa Februari 2010 baada ya mafundi vijana wanne kupoteza maisha. Watatu walipigwa na umeme, na katika baadhi ya vifo hivyo pini za chuma za kushikizia foili zilitoboa waya. Wa nne alizidiwa na joto darini. Foili ni chuma kilichotandazwa nyumba nzima. Zima umeme kwenye swichi kuu, si kwenye swichi ya taa, na hakikisha kwa tesita kabla fundi hajapanda. Usitumie pini za bunduki karibu na nyaya. Foili isigusane na taa wala boksi la maungio.

Nyaya pia hubadilika tabia zikifunikwa. Waya wa milimita 2.5 unaobeba ampea 27 ukiwa umebanwa ukutani hubaki na ampea 13.5 ukizungukwa na pamba pande zote kwa nusu mita au zaidi. Darini penye nyuzi 50 hupungua tena karibu theluthi. Kwa hiyo laini ya kiyoyozi au ya hita ya maji isizikwe ndani ya pamba. Ipitishwe chini ya jipsamu kwenye bomba la wazi, au fundi umeme aongeze unene wa waya. Taa za kuzama darini zikatwe kwenye orodha, au ziachiwe boksi lisilofunikwa na pamba.

Kujua kama kazi imefanyika sawasawa ni rahisi. Siku ya jua kali, kati ya saa saba na saa tisa mchana, chukua kipimajoto cha mionzi, kile cha kulenga kama bunduki, upime jipsamu sehemu mbalimbali za mteremko na hewa ya chumba. Dari ikizidi hewa kwa zaidi ya nyuzi nne au tano, kuna mahali foili imegusa bati, pamba imeteleza, au mwanya wa juu umeziba. Fungua hapo penye moto zaidi kabla hujamlipa fundi sehemu ya mwisho.

Tungependa wauzaji waandike kwenye kila roli unene halisi na kiwango cha upitishaji joto, badala ya asilimia tupu. Mteja naye adai namba hizo. Pamba nzuri husoma kati ya 0.035 na 0.044, na ukigawa unene kwa mita kwa namba hiyo unapata ukinzani, yaani nguvu ya kuzuia joto: milimita 100 kwa 0.040 ni 2.5. Mwenye duka asiye na namba hizo, mwombe karatasi ya kiwanda, na kama haipo nenda duka la pili.

Mafundi wa paa na dari,
Dar es Salaam